Nyumbu Kwenye Laptopu Yangu

Chuo kilinifungia akaunti Jumanne moja asubuhi, nikiwa katikati ya kusoma. Ukurasa ulijipakia upya, ukaniomba neno siri, nikaliandika, likakataliwa. Nikajaribu tena, wapi. Sikuwa nimelisahau. Nilikuwa nadaiwa karo ya mihula miwili, na mfumo ulikuwa umeamua kwamba mimi si mwanafunzi tena.

Karo nilielewa. Deni ni deni. Kilichoniuma ni kwamba notisi zangu zote zilikuwa mle ndani: makala nilizokuwa nimezitia alama, maswali niliyouliza na majibu niliyopewa, orodha ya vitu nilivyomaliza na nilivyobakisha. Miaka miwili ya kusoma. Nilisoma mimi, kwa macho yangu na stima ya mwenye nyumba wangu, lakini kumbukumbu ya kusoma kwangu ilikuwa imekaa kwa mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa na kufuli.

Sikurudi. Nilianza kuokota vibarua vya kuandika: leo maelezo ya bidhaa za mtu, kesho hotuba ya harusi, keshokutwa makala kama hii. Laptopu yangu ni ya mtumba, niliipata Luthuli Avenue, ina RAM ya GB 2. Ukifungua kivinjari na kurasa tatu tu, feni inaanza kunguruma kama kinu cha posho. Siku moja nikairudisha kwa fundi nikidhani imeharibika.

“Hii haina shida,” akaniambia kabla hata hajaifungua. “Kwani unataka kufanya nini nayo?”

“Kusoma na kuandika tu, mzee.”

“Sasa kijana, kusoma na kuandika kunahitaji kivinjari kwa nini? Weka Linux, weka Emacs. Kuna watu walikuwa wanasoma dunia nzima kwa mashine dogo kuliko hiyo.”

“Walikuwa wanasoma nini?”

“Makundi ya habari. Usenet. Enda utafute.”

Nikaenda nikatafuta. Nilidhani natafuta programu nyepesi. Nikakutana na historia ya watu waliofungiwa mlango.

ARPANET ya maskini

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Marekani tayari ilikuwa na mtandao wa kompyuta unaoitwa ARPANET. Ulilipiwa na Wizara ya Ulinzi, na vyuo vilivyoingia mle vilikuwa vile vyenye utafiti uliofadhiliwa na wizara hiyo. Ndani kulikuwa na barua pepe na mijadala ya wataalamu. Nje kulikuwa na vyuo vingine vyote. Chuo Kikuu cha Duke, kule North Carolina, kilikuwa nje.

Mwaka 1979, wanafunzi wawili wa Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walianza kuwaza hivi: mwaliko hatuna, lakini kompyuta za Unix tunazo, na laini ya simu tunayo. Unix ilikuwa na programu iliyoitwa UUCP, ambayo iliwezesha kompyuta moja kuipigia nyingine simu na kunakili mafaili. Mwenzao wa chuo jirani cha Chapel Hill, Steve Bellovin, akaandika toleo la kwanza la programu ya kubadilishana makala. Lilikuwa hati fupi ya amri za Unix, si zaidi. Mwaka 1980 mtandao wao ukaanza kazi, wakauita Usenet. Kuna waliouita ARPANET ya maskini.

Ulifanya kazi hivi. Mtu wa Duke aliandika makala, ikakaa kwenye folda. Usiku ukiingia na bei ya simu kushuka, kompyuta ilimpigia jirani: una nini ambacho mimi sina? Kila mmoja alinakili alichokosa, wakakata simu. Jirani naye alimpigia jirani yake. Makala ilisambaa hivyo, simu kwa simu, kama habari ya msiba inavyotoka kijiji hadi kijiji bila mtu mmoja kuwa na orodha ya wote waliosikia. Hapakuwa na makao makuu. Hapakuwa na ofisi moja ambayo ingeamka Jumanne na kufunga. Waanzilishi walikisia kwamba mtandao mzima ungebeba makala moja au mbili kwa siku. Walikosea sana.

Huku kwetu simu za namna hiyo zilifika pia, ingawa kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika Kenya, mashirika kadhaa ya Nairobi yalikuwa yanatuma barua pepe kwa mtandao wa Fidonet. Barua zilirundikwa, modemu ikapigiana simu na London, za huku zikaenda, za huko zikaja, laini ikakatwa. Ukinunua bando ya usiku kwa sababu ni nafuu, ukapakua kila kitu usome kesho, ujue hujaanza wewe.

Kilichotangazwa mle ndani

Makundi ya Usenet yaligawanywa kwa mada. Mwaka 1987 majina yalipangwa upya: comp kwa kompyuta, sci kwa sayansi, soc kwa jamii, rec kwa burudani, na mengine. Waliokataa utaratibu huo wakaanzisha tawi lao, alt, ambako mtu angeweza kuanzisha kundi bila kumbembeleza yeyote. Waafrika waliokuwa vyuoni ughaibuni walikuwa na soc.culture.african.

Usidhani ilikuwa porojo tu. Agosti 1991, Tim Berners-Lee aliwaeleza watu wa alt.hypertext kuhusu mradi wake wa World Wide Web. Tarehe 25 ya mwezi huohuo, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, aliandika kwenye comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Huo ndio Linux, ambayo kokwa yake iko ndani ya kila simu ya Android unayoiona kwenye matatu.

Lakini tangazo lililonigusa zaidi ni la miaka minane kabla ya hapo. Tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi MIT, aliandika kwenye kundi la net.unix-wizards kwamba ataunda mfumo mzima unaofanana na Unix, na kuutoa bure kwa kila mtu anayeweza kuutumia. Akaupa jina GNU. Stallman naye alikuwa ameacha shahada ya uzamifu ya fizikia njiani. Sisemi kuacha chuo kunakufanya Stallman. Mimi mwenyewe ni ushahidi.

GNU ni jina linalojizunguka, maana herufi zake zinasema GNU si Unix. Ila gnu pia ni mnyama, na huyo unamjua: ni nyumbu, yule anayevuka Mto Mara kila mwaka huku watalii wakipiga picha. Kichwa cha nyumbu ndiyo nembo ya mradi huo mpaka leo. Jina lenyewe liliingia Kiingereza kutoka lugha za kusini mwa Afrika. Nilicheka peke yangu kwenye keja. Miaka yote hiyo nilidhani hizi ni hadithi za watu wa mbali, kumbe nyumbu wetu yuko mlangoni.

Nyumba ndani ya nyumba

Moja ya programu za kwanza za GNU ilikuwa Emacs. Ni kihariri cha maandishi, yaani kitu cha kuandikia. Toleo la asili lilianza MIT mwaka 1976, na GNU Emacs ikatoka miaka ya 1980. Tofauti yake na vihariri vingine ni kwamba sehemu kubwa yake imeandikwa kwa lugha ya Lisp, nayo iko wazi mbele yako. Hupendi kitufe fulani kinavyofanya kazi? Kibadilishe. Unataka kalenda? Iandike, uiweke ndani. Kwa hiyo watu wakaweka barua pepe, kalenda, michezo, na ikawa ni suala la muda tu kabla mtu hajaweka Usenet.

Mtu huyo alikuwa Masanobu Umeda wa Japani, na programu yake, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, iliitwa GNUS. Kilichomrahisishia kazi ni NNTP, utaratibu uliochapishwa mwaka 1986. Kabla yake, ilibidi kompyuta unayosomea iwe na rundo lote la makala. Kwa NNTP, rundo linabaki kwenye seva, nawe unaomba ile makala moja unayoitaka. Mwaka 1994 kijana wa Norway, Lars Magne Ingebrigtsen, alianza kuiandika upya yote. Novemba 1995 kazi yake, Gnus 5, ikaingia ndani ya Emacs 19.30. Tangu hapo ukiweka Emacs, Gnus umeshapata.

Niliiweka usiku, mvua ikinyesha. Kuweka Emacs ni amri moja. Kisha unatengeneza faili iitwayo .gnus.el ndani ya folda yako ya nyumbani, unaiandikia hivi:

(setq user-full-name "Jina Lako")
(setq user-mail-address "anwani yako")
(setq gnus-select-method '(nntp "news.eternal-september.org"))

Mistari miwili ya kwanza ni utambulisho. Wa tatu unasema habari zitoke wapi. Hiyo seva ni ya bure, unajiandikisha tu, na jina na neno siri unaviweka kwenye faili nyingine, .authinfo. Halafu ndani ya Emacs unabonyeza Alt na x kwa pamoja, unaandika gnus, unabonyeza Enter.

Yangu ilikataa. Ujumbe ulidai hakuna kitu kinachoitwa nntp. Nilikaa saa nzima nikilaumu seva, nikalaumu mvua, nikalaumu data. Kosa lilikuwa langu: nilisahau alama ndogo ya mkato wa juu kabla ya mabano. Bila hiyo alama, Emacs inafikiri umeiambia itekeleze amri iitwayo nntp. Ukiiweka, inaelewa kwamba hiyo ni orodha tu, isiiguse, iisome. Alama moja. Nikairekebisha, nikafungua upya, na makundi yakaanza kuteremka kwenye skrini. Feni ilikuwa kimya.

Niliyoyasoma, 1 hadi

Mwanzoni Gnus inakuonyesha makundi machache mno. Mengine yote imeyaweka pembeni, na huku ndani yanaitwa wafu na mazombi, kutegemea kama umeyakataa mwenyewe au hujawahi kuyaona. Ukibonyeza A mara mbili yanafufuka yote. Unateremka, unaloona ni lako unabonyeza u, umejiunga. Ukiingia ndani ya kundi, makala zinapangwa kama mti, jibu limeingia ndani kidogo chini ya swali lake, kwa hiyo unaona nani alimjibu nani na ugomvi ulianzia wapi. Kitufe cha nafasi kinasoma. Herufi F kubwa inajibu, ikinukuu maneno ya mwenzako.

Kuna kitu kinaitwa alama. Unamwambia Gnus: mtu huyu akiandika, mpandishe juu, mada hii ikijitokeza, ishushe. Ndiyo, ni algoridhimu. Lakini umeiandika mwenyewe, iko kwenye faili yako, unaweza kuifungua usiku wa manane ukaona ni kwa nini hujamwona fulani wiki nzima. Na kinyume na huku tulikozoea, ambako ukurasa hauishi hata ukivuta kidole mpaka kiote sugu, hapa kusoma kunaisha. Ukimaliza, Gnus inakutania kwamba kutokuwa na habari ni habari njema. Halafu inanyamaza. Unaenda kulala.

Ila kitu kilichonifanya niandike makala hii ni faili moja iitwayo .newsrc. Ni ya zamani kuliko Gnus; programu za mwanzo za Usenet zilikuwa nayo pia. Niliifungua nikakuta mistari kama huu:

comp.lang.c: 1-4512

Maana yake: katika kundi hili, nimeshapitia makala ya 1 hadi ya 4512. Nukta mbili zinaonyesha umejiunga. Ukijitoa, zinageuka alama ya mshangao. Basi. Hiyo ndiyo kumbukumbu nzima ya msomaji, na iko kwenye laptopu ya msomaji. Seva haihitaji kujua nimesoma nini. Mimi ndiye ninayeshika hesabu, na nikihamia seva nyingine hesabu hiyo ndiyo ya kuanzia, hata kama namba itabidi nizipatanishe upya.

Nikakumbuka ile Jumanne. Watu wa 1980 hawakuwa malaika. Waliiweka hesabu kwa msomaji kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi. Lakini uamuzi wa mahali pa kuweka kitu ndio baadaye unaoamua ni nani atakuwa na kufuli.

Mlango ulipofunguliwa

Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa peponi. Zamani kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia Usenet bila adabu, wenyeji wakawafunza, ikifika Oktoba mambo yametulia. Watu wa kale wanasema Septemba ya 1993 haikuisha, kwa sababu kampuni za intaneti zilianza kuingiza wateja wao kwa wingi kila mwezi. Ndiko jina la ile seva yangu lilikotoka. Mimi malalamiko hayo nayasikiliza kwa sikio moja. Waliolalamika ni wale waliokuwa wameshaingia. Mtu wa Nairobi wa 1993 hakuwa hata kwenye foleni.

Lakini kweli pia iliharibiwa. Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo moja kwenye makundi zaidi ya 5,000. Walikuwa wanauza huduma ya kujaza fomu za bahati nasibu ya green card. Ndiyo, ileile ambayo sisi tumepanga foleni saiba kuijaza. Wengine wakaiga, matangazo yakafurika, watu wenye maana wakaanza kuondoka.

Kisha likaja suala la kumbukumbu. Seva huwa hazishiki makala milele. Zinafuta za zamani kupata nafasi. Kampuni ya Deja News iliweka hazina ya mijadala hiyo, na mwaka 2001 Google ikainunua. Kwa miaka mingi wengi waliingia Usenet kupitia ukurasa wa Google bila hata kujua kuna njia nyingine. Februari 2024 Google ikaacha kupokea makala mpya. Duke yenyewe, pale yote yalipoanzia, ilizima seva yake mwaka 2010. Ile .newsrc yangu inakumbuka namba, lakini maneno yenyewe yakifutwa, namba hainisaidii kitu. Kwa hiyo nikikuta makala nzuri nabonyeza o, inajihifadhi kwenye folda yangu. Hakuna atakayenifanyia hilo.

Nilijaribu soc.culture.african. Nilitarajia, sijui, sauti za kina mama na baba zetu wakiwa vijana kwenye baridi ya ughaibuni wakibishana kuhusu uchaguzi wa vyama vingi. Seva ilinipa matangazo na ukimya. Makala za wakati ule hazimo. Nilikaa hapo kidogo kama mtu aliyefika matanga mgeni wa mwisho, viti vimeshakunjwa. Halafu nikajitoa. Nukta mbili zikawa mshangao.

Comp.lang.c lakini bado inaishi. Niliuliza swali huko, swali la kijinga kidogo kuhusu kumbukumbu ya kompyuta, somo nililoliacha katikati chuoni. Nililala. Asubuhi nilikuta majibu matatu yamepangwa chini ya swali langu kama watoto chini ya mama. Mmoja alinisahihisha kwa ukali. Mwingine alimsahihisha huyo mkali. Hakuna aliyeuliza namba yangu ya usajili.

Juzi nilipita Luthuli, nikamwonyesha fundi skrini. Akavaa miwani, akasoma kidogo, akacheka.

“Kumbe bado wako.”

“Wachache, mzee.”

“Hata wachache ni watu.” Akanirudishia laptopu. “Na umeweka bakapu?”

Sikuwa nimeweka. Nilinunua flashi kwake palepale, nikanakili folda ya makala, faili ya alama na ile .newsrc. Ilichukua chini ya dakika moja. Flashi iko kwenye ufunguo wa keja yangu sasa, kando ya funguo zingine.